Naomba ushauri: kutenganisha miombo na mashamba ya Tabora kwa picha za NOAA

nyika_data: Wakuu, nataka ramani ya miombo, nyasi na mashamba tangu miaka ya 1980, kwa AVHRR, kihisi cha setilaiti za hali ya hewa za NOAA (shirika la Marekani). Nimetumia picha moja ya Machi, vyote vimetoka kijani kilekile. Halafu NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) inaruka 1994–95. Nakosea wapi?

pikseli_moja: Machi ndiyo imekuponza. Mvua ikishakolea kila kitu ni kijani. Tafuta ratiba ya kijani hicho. Kokotoa NDVI ya kila siku: (bendi 2 − bendi 1) ÷ (bendi 2 + bendi 1); bendi 1 ni mwanga mwekundu, bendi 2 ni infraredi ya karibu. Kwa kila pikseli chukua thamani ya juu kabisa ndani ya siku 10, maana wingu huishusha. Utapata tabaka 36 za mwaka. Anzia Julai, usianzie Januari ukaukata msimu wa mvua katikati.

Sasa tazama Septemba na Oktoba. Miombo huchipua majani kabla ya mvua kunyesha, nyasi na mahindi vinaisubiri. Mstari wa miombo unaanza kupanda huku wa shamba bado umelala. Hapo ndipo vinapoachana. Ila ukiona pikseli ya miombo imeporomoka Agosti, shuku moto kwanza kabla ya kuandika kwamba msitu umefyekwa.

ukingo_wa_picha: Naongezea: chuja pembe ya kutazama pia. Chini kabisa ya setilaiti pikseli ni kilomita 1.1, pembeni inatanuka hadi karibu 2.4 kwa 6.9. Hiyo ya pembeni ikishinda kwenye siku 10, mpaka wa msitu unatembea wenyewe.

Kuruka kwa 1994–95 si kwa ardhi. NOAA-11 ilikoma Septemba 1994, NOAA-13 ilikuwa imeshapotea 1993, na data za NOAA-14 zinaanza 1995. Isitoshe, saa ya NOAA-11 kupita ilikuwa ikizidi kuchelewa mwaka hadi mwaka, jua likizidi kuinama. Usichore mwelekeo wowote juu ya pengo hilo bila data zilizosahihishwa.

nyika_data: Shukrani sana. Kuanzia 2000 naweza kuunga MODIS, kihisi kipya zaidi cha NASA?

pikseli_moja: Si moja kwa moja, mkuu. Bendi 2 ya AVHRR ni pana, inameza mvuke wa maji. Ya MODIS ni nyembamba, hivyo NDVI yake hutoka juu zaidi. Chukua miaka ambayo zote mbili zipo, tafuta uhusiano wake kwa kila aina ya uoto, ndipo uunge. Na shamba la ekari mbili usilitafute: pikseli moja ni hekta 121. Kwenye ramani, aina hiyo iite "mashamba na pori mchanganyiko".