Ngozi iliyogeuzwa rangi na klofazimini: krimu inayopakwa juu yake ni kipodozi au ni dawa?

Mtafiti Mchanga
Wakuu, salaam. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili katika famasia, na msimamizi wangu anaona nimefunga mizigo miwili kwenye kamba moja. Ninataka kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu sugu wanaotumia klofazimini, dawa ambayo huigeuza ngozi ya wengi wao kuwa ya wekundu wa kahawia na hatimaye kukaribia weusi, ili nijue wanapaka nini kurudisha rangi yao. Kisha nizipime krimu hizo maabara na kuona kama zinatimiza kanuni za vipodozi. Je, hoja hii ni moja au ni mbili? Na krimu inayouzwa kwa ahadi ya "kuondoa madoa ya dawa" niipime kwa kanuni za vipodozi au za dawa?

Mkaguzi Mstaafu
Ndugu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lililonilisha kwa miaka mingi. Bidhaa haihukumiwi kwa viambato vyake peke yake, bali pia kwa kile ambacho muuzaji anadai kuwa itafanya. Krimu ya kulainisha ngozi ni kipodozi. Krimu ileile ikiandikwa kwamba inatibu madhara ya dawa, imejiingiza yenyewe katika himaya ya dawa na inapaswa kuleta ushahidi wa tiba. Mpaka huo hauko mahali pamoja kila nchi: losheni ya kukinga jua ni kipodozi katika Umoja wa Ulaya, ilhali Marekani inaihesabu kuwa dawa inayouzwa bila cheti cha daktari. Kwa hiyo taja mapema kanuni utakayoitumia, la sivyo bidhaa moja itafaulu ukurasa wa tatu na kuanguka ukurasa wa kumi.

Kuhusu zebaki, sumu inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, huna haja ya kubishana na mtu. Mkataba wa Minamata, yaani mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, ulilenga kwanza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa kikomo hicho ili vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Lebo usiitegemee, kwani anayeficha zebaki haiandiki, ingawa wakati mwingine hujisaliti kwa onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini.

Tabibu wa Zamu
Mzee wetu amelipita swali la kwanza, na hapo ndipo penye uzito. Hoja yako ni moja, nayo imekaa kwenye neva na figo.

Wagonjwa wengi wa mipango mirefu ya tiba hupewa klofazimini pamoja na linezolidi, dawa nyingine ya kifua kikuu sugu. Mgonjwa akilalamika ganzi na nyayo kuwaka moto, sisi huishuku linezolidi, na hatukosei: katika utafiti wa Nix-TB, ambamo washiriki 109 walipewa bedakwilini, pretomanidi na linezolidi ya miligramu 1,200 kwa siku, takribani asilimia 90 walipata matokeo mazuri, lakini asilimia 81 walipata madhara ya neva za pembezoni, yaani za mikono na miguu. Ndiyo maana utafiti wa ZeNix ulijaribu dozi ndogo zaidi, na miligramu 600 ndizo zilizoingia katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022. Sasa zebaki inayofyonzwa kupitia ngozi nayo huumiza figo, na huweza kuumiza neva hizohizo. Ikiwa mgonjwa ana krimu asiyoitaja, daktari ataipunguza au kuisimamisha linezolidi, iliyo nguzo ya tiba, huku chanzo halisi, au nusu yake, kikiendelea kupakwa kila usiku. Figo zikidhoofu kwa anayechomwa sindano za amikasini, dawa ambayo nayo huweza kuumiza figo, mtego ni uleule. Kwa hiyo usiishie kwenye kopo. Pima pia zebaki katika mkojo.

Angalizo moja la sampuli: mpango wa miezi sita wa BPaLM (bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini) hauna klofazimini ndani yake. Wagonjwa wako ni wale wasiouweza, kwa mfano walio chini ya miaka 14, ambao hupewa mipango mingine, ikiwemo ya miezi 9 au 18 na zaidi. Usije ukawasubiri kwenye kliniki ambako hawapo.

Aliyemaliza Dozi
Mimi si mtaalamu. Nilitibiwa kwa miezi 18. Niliambiwa rangi itaondoka yenyewe, na kweli iliondoka, ila baada ya mwaka na zaidi. Kilichonisukuma kununua krimu hakikuwa urembo. Uso wangu ulikuwa unawatangazia watu ugonjwa ambao nilikuwa sijamwambia mtu. Hadi kliniki ya mwisho hakuna aliyejua ninapaka nini, kwa sababu swali lilikuwa "Je, unajichubua?", nami nilijibu hapana bila kuhisi kwamba ninadanganya. Tuulizeni tunapaka nini, kisha mturuhusu tulete makopo yenyewe.

Mtafiti Mchanga
Nawashukuru wakuu, na nimelifuta swali la kujichubua kwenye dodoso. Kipimo changu kitakuwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1223/2009, kwa kuwa orodha yake ya viambato vilivyopigwa marufuku inazitaja zebaki na pia steroidi za jamii ya klobetasoli, dawa kali za ngozi ambazo pia huipausha, na ambazo natarajia kuzikuta. Kuhusu maadili, nikikuta zebaki kwenye kopo la mshiriki siwezi kungoja tasnifu ikamilike. Fomu ya ridhaa itaeleza kwamba yeye na daktari wake wataarifiwa siku majibu ya maabara yatakapotoka.