Nyumba Nairobi zimepanda au zimeshuka? Kwanza tuulize ni bei ya nani

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo naona tunalipita haraka mno. Kila robo ya mwaka tunasomewa kwamba nyumba za Nairobi na viunga vyake zimepanda au zimeshuka kwa asilimia fulani. Mkenya aliye Doha au Dallas akiisoma anaamua kutuma malipo ya kwanza ya flati ambayo bado ni shimo. Ofisa wa benki anapimia dhamana. Mwanasiasa anasimama kusema makazi yamekuwa ghali au yamekuwa nafuu. Swali linalotangulia yote hayo huulizwa na wachache: hiyo ni bei iliyotajwa na nani, na katika hatua gani ya nyumba kutoka mkono mmoja hadi mwingine?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mpate pa kunikosoa. Fahirisi ya bei za nyumba, yaani kipimo cha mwendo wa bei kutoka kipindi hadi kipindi, itakayoongoza sera ya umma inapaswa kujengwa juu ya mauzo yaliyokamilika, yale yanayolipiwa ushuru wa stempu (ule anaoulipa mnunuzi mali inapohamishwa kwake), na njia ya kuikokotoa itangazwe yote kwa umma. Bei zinazoitishwa na bei zinazotoka kwenye mikopo ya benki zibaki kuwa ushahidi wa pembeni. Najua wathamini na mawakili wengi watapinga, na wana sababu nzito nitakayoifikia.

Kwa miaka mingi vipimo viwili ndivyo vimetajwa zaidi Kenya. HassConsult, kampuni ya uwakala wa nyumba, hutumia bei zinazoitishwa na wauzaji. Chama cha Mabenki Kenya, KBA, kilianza kutoa fahirisi yake mwaka 2015, kikitumia nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo ya mabenki. Vyote viwili vimetufaa sana, kwa sababu kabla yake tulikuwa na maneno ya madalali tu. Hata hivyo kila kimoja kinaona upande wake. Cha kwanza kinaona anachotamani muuzaji. Cha pili kinaona nyumba za watu wachache: mikopo ya nyumba katika mabenki ya nchi nzima haikufika 30,000 mwaka 2022, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Aliyenunua kwa pesa taslimu, aliyekopa Sacco, waliochanga kama familia wakajenga kidogo kidogo, wote hawamo.

Ngoja nionyeshe jinsi njia ya kukokotoa inavyoweza kugeuza habari yote. Chukueni mfano wa kubuni. Mwaka jana ziliuzwa nyumba kumi: flati nane za Ruaka kwa shilingi milioni 6 kila moja, na nyumba mbili za Runda kwa milioni 60 kila moja. Wastani ni milioni 16.8. Mwaka huu kila nyumba imeshuka bei kwa asilimia 10, Ruaka na Runda sawasawa. Ila wenye kuuza wamebadilika: zimeuzwa flati sita kwa milioni 5.4 na nyumba nne za Runda kwa milioni 54. Wastani sasa ni milioni 24.84. Gazeti likichukua wastani litaandika kwamba nyumba zimepanda kwa karibu asilimia 48, katika mwaka ambao hakuna hata nyumba moja iliyopanda. Ukipanga bei zote kwa mstari na kuchukua ile ya katikati unapata milioni 5.4, na hapo ukweli unaonekana. Lakini kati ya hizo kumi zikiuzwa nyumba sita za Runda na flati nne tu, bei ya katikati nayo inaruka hadi milioni 54. Hakuna aliyedanganya popote hapo. Ni mchanganyiko wa nyumba zilizouzwa ndio uliobadilika.

Ndiyo maana wataalamu waliacha wastani mtupu. Njia moja, ambayo KBA wanaitumia, ni kukadiria mchango wa kila sifa katika bei: ukubwa wa sakafu, idadi ya vyumba, eneo, kama ni flati au bangaloo au mezoneti. Kisha unauliza nyumba yenye sifa zilezile ingegharimu kiasi gani sasa. Ni njia nzuri, mradi sifa zinazobeba bei ziwe zimeandikwa kwenye fomu. Nairobi mnunuzi anauliza maji ya mfereji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kisima kipo, hatimiliki ya kila flati imeshatoka au bado iko kwa jina la kampuni iliyojenga. Hayo yakikosekana kwenye fomu, jengo jipya lenye kisima na lifti litaonekana kama kupanda kwa bei, kumbe ni nyumba bora zaidi tu imeingia sokoni.

Njia ya pili ni kuifuata nyumba ileile inapouzwa mara ya kwanza na mara ya pili. Watafiti Bailey, Muth na Nourse waliiandika kitaalamu mwaka 1963, na wachumi Karl Case na Robert Shiller wakaijengea jina Marekani kuanzia miaka ya 1980. Wapo wanaotaka tuichukue kama ilivyo, kwa sababu ni rahisi kuieleza na haihitaji kujua vyumba vingapi. Mimi nasema hapana, angalau kwa Nairobi. Njia hiyo haiwezi kuihesabu nyumba mpya inayouzwa mara ya kwanza, na flati mpya ndizo zinazotangazwa kila kona ya barabara zetu. Tena tazameni Kileleshwa na Kilimani: bangaloo ya zamani inanunuliwa kwa ajili ya ardhi yake, inabomolewa, na mahali pake linapanda jengo la makumi ya flati. Nyumba ya kwanza haipo tena ya kulinganishwa.

Kisa cha Marekani kinafundisha jambo lingine ambalo ni zito zaidi kuliko hesabu. Mwishoni mwa 2007, wakati soko la nyumba linaporomoka, kulikuwa na fahirisi mbili kubwa. Ya Case na Shiller ilionyesha kwamba bei kitaifa zimeshuka kwa asilimia 8.9 katika mwaka mmoja. Ya idara ya serikali ya wakati huo, OFHEO, iliyohesabu manunuzi peke yake bila nyumba zilizokopewa upya na wenyewe, ilionyesha asilimia 0.3 tu. Mmoja anaona nyumba inaungua, mwingine anaona moshi kidogo. Na zote mbili zilitumia njia ileile ya kufuata nyumba ikiuzwa tena! Tofauti kubwa ilikuwa katika nyumba zilizoingizwa. OFHEO ilitegemea mikopo iliyonunuliwa au kudhaminiwa na Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji; mikopo hiyo mwaka 2007 ilikuwa na kikomo cha dola 417,000 katika sehemu kubwa ya nchi. Mikopo mikubwa kuliko hiyo, na ile ya hatari waliyopewa watu wenye rekodi dhaifu, kwa sehemu kubwa ilibaki nje, na huko ndiko bei zilikokuwa zinaanguka vibaya. Fahirisi ya serikali kwa upande wake ilikusanya kutoka nchi nzima, wakati ile nyingine ilikuwa na majimbo isiyoyafikia. Sasa fikirini benki kuu au wizara inayoongozwa na ile ya asilimia 0.3.

Ireland nao walipitia hapo. Fahirisi yao rasmi iliyoanza 2011 ilitegemea taarifa za mikopo. Mwaka 2016 ofisi yao ya takwimu iliijenga upya kwa taarifa za ushuru wa stempu, na walionunua kwa pesa zao wakaanza kuhesabiwa. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea hapa.

Sasa ile hoja nzito ya upande wa pili. Wanasema: hizo bei za ushuru wa stempu ni za uongo. Ushuru ni asilimia 4 mijini na 2 mashambani, kwa hiyo mnunuzi anataka bei ndogo iandikwe; muuzaji naye anakwepa kodi ya faida ya mtaji, ile anayotozwa kwa faida aliyoipata akiuza; wanakubaliana kuandika pungufu na salio linapita pembeni. Heri bei inayoitishwa, wanasema, maana angalau iko hadharani.

Hoja hiyo siidharau, lakini haitufikishi pale inapodhani. Fahirisi hupima mwendo wa bei. Nyumba ya milioni 20 ikiandikwa milioni 14, na mwaka unaofuata nyumba kama hiyo ya milioni 22 ikaandikwa milioni 15.4, kiwango cha uongo ni kilekile na fahirisi inatoa asilimia 10, ambayo ni kweli. Uongo uliotulia hauharibu mwendo. Kinachouharibu ni uongo unaobadilika kiasi. Hapo ndipo nakubali tuwe macho: tarehe 1 Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Ikiwa kuanzia siku hiyo ile nyumba ya milioni 22 iliandikwa milioni 12, fahirisi itasema bei zimeanguka kwa asilimia 14, na hakuna kilichoanguka isipokuwa ukweli kwenye makaratasi. Lakini tarehe ya mabadiliko ya kodi inajulikana. Mtakwimu anaweza kuiweka wazi, kulinganisha na thamani aliyoiweka mthamini wa serikali kwa ajili ya ushuru huohuo, na kutuonya kwamba robo hiyo isisomwe peke yake.

Bei zinazoitishwa nazo zina pengo linalobadilika, na hatupewi tarehe. Soko likichangamka, anayeitisha milioni 20 anapata 19. Soko likilala, bado anaitisha 20, kwa sababu jirani aliuza kwa kiasi hicho na yeye hataki kuonekana mnyonge, kisha baada ya miezi anakubali 16.5. Fahirisi ya bei zinazoitishwa itaandika sifuri. Muuzaji amepoteza karibu asilimia 13. Kipimo hiki kinatuangusha wakati uleule tunapokihitaji zaidi. Wanaojenga na kuuza flati kabla hazijakamilika wanajua namna nyingi za kushusha bei bila kugusa bei: maegesho ya bure, ada za wakili kulipwa na kampuni, malipo kusambazwa kwa miezi mingi bila riba. Bei kwenye bango haitikisiki.

Nimeulizwa pia, katika kuyazungumza haya na watu, kama ni haki kuanika bei ya nyumba ya mtu. Hilo nalijali. Fahirisi haihitaji jina la mtu wala namba ya kiwanja kutoka nje ya ofisi; ofisi ya takwimu inapewa bei, tarehe, eneo, aina na ukubwa, basi. Usajili wa ardhi Nairobi ulianza kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa mwaka 2021, kwa hiyo hayo si ya kutafutwa tena kwenye mafaili yenye vumbi, angalau kwa miamala iliyopita humo.

Na wanaosema haya ni mambo ya wataalamu, mwananchi hayamgusi, wakumbuke kodi ya ardhi. Nairobi ilikaa zaidi ya miaka 35 ikitoza kwa daftari la uthamini, yaani orodha rasmi ya thamani za viwanja, la miaka ya 1980, kisha ikahamia kwenye lile la 2019. Kaunti ikitaka siku moja kusogeza thamani hizo bila kuthamini kila kiwanja upya, itatafuta fahirisi ya kuzidishia. Ikichagua ya bei zinazoitishwa, mama mzee wa Umoja atatozwa kodi kwa matamanio ya wauzaji wa mtaa wake. Ikichagua ya mikopo ya benki, atatozwa kwa mwendo wa nyumba za watu wenye payslip nono.

Nawaomba wanaoishika kazi hii kila siku waje tusaidiane. Mawakili wa uhamishaji ardhi: tangu 2023 mmeona pengo kati ya bei ya makubaliano na bei ya kwenye fomu likiongezeka? Wathamini: thamani mnayoiweka kwa ajili ya benki huitoa kwenye mauzo halisi ya jirani, au kwenye matangazo? Na aliyeuza nyumba miaka hii mitatu, bila kutaja jina wala mtaa, atuambie tu aliitisha ngapi na akapokea ngapi.