Nili ya majani na zambarau ya konokono: zinatofautianaje?

Swali
Wakuu, naomba kueleweshwa. *Isatis tinctoria* ni mmea wa maua ya njano ambao majani yake hutoa buluu; *Hexaplex trunculus* ni konokono wa Mediterania aliyewapa watu wa Tiro na Sidoni zambarau yao. Nasikia kikemia rangi hizi ni ndugu. Je, pipa la kutilia rangi huandaliwa kwa namna moja? Na kitambaa kikishakauka, nitajuaje kilitiwa ipi?

Jibu 1
Ni ndugu kweli. Ya jani ni indigo (nili); ya konokono ni indigo iliyobeba bromini, elementi ya jamii ya klorini. *Trunculus* ana mchanganyiko: indigo tupu, yenye bromini moja na yenye mbili. Ndiyo maana huelekea buluu kuliko *Bolinus brandaris*, konokono mwingine wa zambarau.

Chuma majani ya mwaka wa kwanza, mmea haujatoa shina la maua. Baada ya hapo rangi hubaki kidogo mno. Yakatekate, yaloweke kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10, chuja, poza haraka. Ukiyachelewesha motoni, rangi inapotea. Tia magadi mpaka maji yawe kijani, kisha pigapiga kuingiza hewa. Povu litakuwa buluu. Likianza kurudi weupe, acha. Unga utatuama usiku kucha.

Jibu 2
Konokono anataka haraka zaidi. Tezi itolewe akiwa hai au amekufa sasa hivi, maana kimeng'enya chake huharibika. Majimaji hugeuka njano, kijani, hadi zambarau, na harufu yake ni kali mno. Mavuno ni haba: mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono *Bolinus* 12,000 kupata gramu 1.4.

Pipa ni lile lile kwa rangi zote mbili: nyuzi 50, pH (kipimo cha asidi na besi) 9 kwa sufu (ikizidi sana sufu inaharibika), na sodiamu haidrosalfaiti ya kuondoa oksijeni. Hatari ni jua. Rangi ya konokono ikiwa imeyeyuka pipani, mwanga huing'oa bromini na sufu hutoka buluu. Ukitaka zambarau, funika pipa tangu mwanzo. La majani halina shida hiyo.

Jibu 3
Kuhusu kutambua: usiamini macho, wala vipimo vya kuchovya kwenye dawa, kwa sababu zote mbili huitikia karibu sawa. Eksirei huonyesha bromini, lakini kitambaa kilicholowa maji ya bahari nacho kinayo. Peleka kipande cha uzi kwenye kromatografia, kipimo cha maabara kinachotenganisha rangi moja moja. Hata buluu ya konokono iliyopigwa jua mara nyingi hubaki na chembe za indigo yenye bromini moja, na jani halitoi kitu hicho kabisa.