Ushauri: nataka kuhamia Japani kwa kazi ya picha, nianzie wapi?

Mwanga Hafifu: Habari za leo wadau. Japani imeniteka moyo, na sasa sitaki tena kwenda kutalii, nataka kuishi na kufanya kazi huko. Napiga picha za vyakula na majengo, na video fupi za matangazo. Shahada ninayo, ila si ya picha. Naomba kujua: viza ipi inafaa? Naweza kuingia kwa ya utalii, nikapiga kazi ndogondogo huku natafuta mwajiri? Na vifaa, nibebe au niuze? Natanguliza shukrani.

Kaka Shata: Hilo la utalii lifute kabisa. Mwenye mgahawa akikulipa kwa picha za menyu, hiyo ni kazi, hata kama ni ya saa mbili. Ukifukuzwa nchini kwa mara ya kwanza, mlango unafungwa miaka 5. Unachoruhusiwa ukiwa mgeni wa muda mfupi ni kukutana na wateja, kuonyesha kazi zako na kujadili mkataba.

Njia ya kawaida ni hii: unapata mkataba, kisha mwajiri anakuombea Cheti cha Kustahiki (kinachoonyesha umetimiza masharti ya ukaazi) kwenye Uhamiaji kulekule Japani. Hesabu mwezi 1 hadi 3. Kikitoka, unakipeleka ubalozini kuombea viza, na lazima uingie nchini ndani ya miezi 3 tangu kitolewe. Ukishapata makazi, una siku 14 kuandikisha anwani manispaa.

Wengi wanakwamia kwenye maneno ya mkataba. Ukiandikwa "msaidizi wa studio" na majukumu yenyewe ni kubeba taa na kufagia, maombi yanaweza kugonga mwamba, maana hadhi ya ukaazi unayoombewa ni ya kazi za kitaalamu. Majukumu yatajwe wazi: kupiga, kuhariri, kupanga matangazo. Wataangalia pia kama shahada yako inahusiana na kazi hiyo. Isipohusiana, utahitaji ushahidi wa uzoefu: miaka 10 kwa kazi nyingi, au 3 kwa zile zinazotegemea utamaduni wa kigeni, usanifu wa mitindo ukiwemo.

Zuhura P: Kuna ile ya wanaofanya kazi kwa mtandao, ilianza 2024. Si rahisi zaidi?

Kaka Shata: Dada Zuhura, ile ni miezi 6 tu, haiongezwi, na inataka kipato cha yeni milioni 10 kwa mwaka. Tena ni kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha yao, kwa hiyo aangalie pasipoti yake kwanza. Hadhi ya msanii ipo na wapiga picha wamo, ila uonyeshe kwamba sanaa yenyewe inakulisha.

Fundi Lenzi: Upande wa vifaa, kamera na lenzi beba. Umeme wao ni 100 V, na chaja nyingi za kamera zinakubali 100 hadi 240 V. Soma maandishi ya nyuma. Flashi za studio zilizoandikwa 220–240 V pekee uza. Vichochezi vya flashi vya 433 MHz navyo viache, havina kibali cha redio kule. Nunua vyenye alama ya ithibati ya Kijapani.

Kwa wewe wa video, jambo kubwa ni hili: nchi moja, umeme wa aina mbili. Tokyo na mashariki ni 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), Osaka na magharibi ni 60 Hz. Taa duni za ndani hupepesa mara mbili ya hapo, yaani 100 au 120 kwa sekunde. Ukiwa Tokyo weka kasi ya shata 1/50 au 1/100 ya sekunde. Osaka 1/60 au 1/120. Ukisahau kubadilisha, unapata mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye ukuta mweupe wa mgahawa, na kuisafisha kwenye kompyuta ni adhabu. Kioo kidogo cha kamera hakiionyeshi vizuri, kwa hiyo rekodi sekunde 10, kisha zitazame kwenye skrini kubwa kabla sahani hazijapoa.

Mwanga Hafifu: Asanteni sana wakuu. Na droni kwa majengo? Malipo je, nikija kuwa wa kujitegemea?

Fundi Lenzi: Droni ya gramu 100 na kuendelea lazima isajiliwe, tangu Juni 2022. Juu ya maeneo yenye msongamano wa watu, yaani karibu Tokyo yote, unahitaji kibali. Omba angalau siku 10 za kazi kabla.

Mama Hesabu: Malipo ya picha za magazeti na matangazo hukatwa kodi ya zuio 10.21% mkaazi akilipwa, na 20.42% kwa kiasi kinachozidi yeni milioni 1. Kwa hiyo usishtuke ankara ya yeni 100,000 ikiingia benki 89,790. Tunza risiti za nauli, lenzi na pango la studio, maana ritani hupelekwa kati ya Februari 16 na Machi 15, na huko ndiko unakodai kilichokatwa zaidi.

Kaka Shata: Nyongeza: begi la stendi za taa lipime. Urefu, upana na kimo vikizidi jumla ya sm 160, Shinkansen (treni ya kasi) ya Tokyo–Osaka inataka ukate kiti chenye nafasi ya mzigo mapema. Usipofanya hivyo unatozwa yeni 1,000. Zikizidi 250, haupandi nalo.