Tupeane uzoefu: kufunga intakula ya mbele kwenye gari dogo la turbo

Nahodha_Kisauni (Mombasa), mwanzisha mada

Wanajamvi, salaam. Maswali kuhusu intakula ya mbele, yaani kile kipoza hewa kinachokaa nyuma ya bampa badala ya juu ya injini, yanarudiwa kila mara, na majibu mengi hutolewa na watu ambao hawajawahi hata kufungua bampa. Naomba kila aliyeifunga mwenyewe au kufungiwa na fundi aeleze gari lake, alichokifunga na kilichobadilika. Bei tuziache, kwa kuwa hubadilika kila meli inapotia nanga.

Naanza mimi. Gari ni Toyota Starlet Glanza V, injini ya 4E-FTE ya lita 1.3 yenye turbo (pampu inayosukuma hewa kwenye injini) ya CT9. Intakula ya kiwandani imelala juu ya injini, na kwa joto letu la mchana la nyuzi 32, ukiegesha baada ya kupanda hadi Mariakani huwezi kuigusa kwa kiganja. Hesabu yake si ngumu. Hewa iliyoingia kwenye turbo ikiwa na nyuzi 30, ikigandamizwa kwa busti (mgandamizo unaoongezwa na turbo) ya baa 0.65, hutoka ikiwa imekaribia nyuzi 100, kwa sababu kugandamizwa kwenyewe kunaipasha moto na turbo ndogo huongeza joto lake juu ya hapo. Ukifanikiwa kuishusha hewa inayoingia kwenye silinda kutoka nyuzi 60 hadi 40, uzito wa hewa katika ujazo uleule huongezeka kwa kama asilimia 6, na injini hupata nafasi zaidi kabla ya kuanza kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Faida ni hiyo. Anayeahidiwa nguvu za farasi 40 kwa kubadilisha intakula peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni ukubwa. Wauzaji wengi walinionyesha ile ya milimita 600 kwa 300 kwa unene wa 76, ambayo kwa vipimo vya nje peke yake ni zaidi ya lita 13. Injini ya lita 1.3 inapaswa kuijaza nafasi hiyo yote, pamoja na mabomba yake, kabla dereva hajahisi chochote mguuni. Bomba la inchi mbili na nusu hubeba kama lita 3 za hewa kwa kila mita, ilhali la inchi mbili hubeba kama lita 2. Nilichagua intakula ndogo ya milimita 450 kwa 180 kwa 65 pamoja na mabomba ya inchi mbili, na sijawahi kuijutia, ingawa haijai mdomo wa bampa kwa namna inayovutia wapiga picha.

Kufunga kwenyewe kulihitaji kuhamisha honi, kukata kipande cha plastiki cha ndani ya bampa na kutoboa bati upande wa betri ili bomba lipite. Ukingo wa tundu hilo ulivishwa mpira, kwani bati tupu husaga aluminiamu taratibu hadi ikatoboka. Sehemu iliyonipa kazi ni miisho ya mabomba. Yalikuja laini kabisa, bila ukingo wa kuzuia hozi, na hozi ya silikoni ilikuwa ikichomoka kila busti ilipofika juu, kwa kishindo kilichowafanya watu wa kituo cha matatu wageuke. Fundi wa kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya argoni alizungusha mchomeleo mwembamba kwenye kila mwisho wa bomba, akaupiga msasa mpaka ukabaki ukingo wa kama milimita 2. Klampu ikakaa nyuma ya ukingo huo, bomba likafutwa kwa spiriti badala ya kupakwa grisi, na tangu hapo hakuna hozi iliyotoka.

Ngong_Bapa4 (Nairobi)

Asante kwa kuanzisha, ndugu Nahodha. Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, na ningependa kwanza kuondoa dhana kwamba intakula ya mbele ni shughuli ya watu wa pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Ili geji isome busti ileile, turbo inalazimika kuigandamiza hewa kwa uwiano mkubwa zaidi, na kwa hiyo hewa hutoka na joto zaidi, hata asubuhi ambayo kila mtu amevaa sweta.

Kwenye Impreza, intakula ya kiwandani imekaa juu ya injini chini ya ile pua ya boneti, na njia ya hewa ni fupi mno: inatoka kwenye turbo, inaingia kwenye intakula, inafika kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Gari likiwa mwendoni hakuna la kulalamikia. Tatizo huanza foleni inaposimama Waiyaki Way, joto la injini na la turbo likawa linapanda moja kwa moja hadi kwenye intakula. Nilifunga kipimajoto kwenye bomba karibu na throto, kwa sababu kile cha kiwandani kimo ndani ya kipima hewa, kabla ya turbo, na hivyo kompyuta ya injini haina habari ya kinachotokea baada yake. Zamani kipimo hicho kilivuka nyuzi 60 katika foleni na kuchukua muda mrefu kushuka hata baada ya barabara kufunguka. Sasa hukaa nyuzi chache tu juu ya joto la nje.

Hata hivyo, hasara ipo na haifai kufichwa. Hewa sasa inateremka mbele na kurudi tena nyuma kwa mabomba marefu, na ukitoka kwenye mzunguko ukiwa gia ya tatu na injini ikizunguka polepole, kuna kusitasita ambako hakukuwapo. Kwa mtu ambaye safari zake zote ni za mjini, sioni kwa nini asiibakishe ya juu.

Jambo la pili linahusu magari yanayopima hewa kabla ya turbo, kama Subaru hizi. Hewa ikivuja popote baada ya kipima hewa, kompyuta imekwisha kuihesabu na kuitolea mafuta. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na gari linalokunywa petroli kupita kiasi. Starlet ya ndugu Nahodha husoma mgandamizo ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, kwa hiyo mvujo huohuo huifanya turbo ihangaike tu bila kuharibu mchanganyiko kwa kiwango hicho. Ndiyo sababu valvu ya kupumulia, inayoachia busti mguu unapotoka kwenye pedali, ambayo kiwanda kiliifanya irudishe hewa kwenye njia ya kuingilia niliirudisha hivyohivyo. Wapo wanaoiachia itoe hewa nje kwa ajili ya ule mlio wa tsss, kisha wanashangaa gari linaposita wakibadilisha gia au kuzimika wakifika kwenye taa.

Mkwezi_Temeke (Dar es Salaam)

Kwangu ni Starlet GT ya zamani, EP82. Joto la hewa lilishuka, lakini joto la maji likapanda, kwa kuwa intakula ilikuwa imeziba rejeta na kondensa ya AC kwa pamoja. Kilichosaidia ni vipande vya bati la aluminiamu vilivyoziba mianya ya pembeni na ya juu, ili hewa ilazimike kupita ndani ya intakula na kuendelea hadi kwenye rejeta badala ya kuzunguka pembeni, pamoja na feni mpya yenye nguvu. Kibao cha namba nacho kilikuwa katikati kabisa ya mdomo wa bampa, kikizuia hewa. Nilikishusha, kikiwa bado kinasomeka vizuri kwa askari wa barabarani. Na kwa matuta yetu, bomba la chini lisishuke kuliko chasisi hata kidogo.

Fundi_Nile (Kampala)

Wakuu, mimi nafunga, sina gari la turbo. Wateja wengi huniletea intakula za mtumba, na hizo sikatai, ila nina utaratibu wangu. Kwanza namimina petroli kidogo ndani, naziba pande zote mbili, naitikisa na kumwaga juu ya kitambaa cheupe. Mafuta ya injini membamba si neno, kwa kuwa kila turbo hutema kidogo. Nikiona chembe zinazometameta juani, naiweka kando na kumweleza mwenyewe kwamba intakula hiyo ilitoka kwenye gari ambalo turbo yake ilisagika. Chembe hizo hujificha katika vijinjia vya ndani, haziishi kwa kuoshwa, na siku moja zitaingia kwenye silinda. Kuna mteja aliyeona namnyima mali, akaenda kufungiwa kwingine. Injini yake baadaye niliifungua mimi, na kuta za silinda zilikuwa na michirizi kutoka juu hadi chini.

Baada ya hapo naizamisha kwenye beseni la maji na kuipa upepo, kama ndugu zetu wa pancha wanavyofanya na tyubu.

Mwanamji_Leicester (Uingereza)

Nina Ford Fiesta ST ya lita 1.6, ambayo ilitoka kiwandani intakula ikiwa tayari mbele, hivyo mimi nilibadilisha tu nikaweka nene zaidi mahali palepale. Kazi ilikuwa rahisi. Kilichohitaji uangalifu ni bima: huku badiliko lolote la namna hiyo hutakiwa kutangazwa kwa kampuni ya bima, na ukinyamaza unaweza kunyimwa fidia siku ya ajali. Nilitangaza kabla ya kufungua boliti ya kwanza.

Bin_Matrah (Maskat)

Assalaam alaikum. Naomba kutofautiana kidogo na wanaosifu nyuzi zinazoshuka. Kiangazi hapa hewa ya nje hufika nyuzi 45, na intakula inayopozwa kwa hewa haiwezi kuishusha hewa ya turbo chini ya joto la nje, iwe kubwa namna gani. Kwenye Mini Cooper S yangu nilichonunua kwa hakika si baridi, bali uzito wa chuma: ile aina ya bamba nene huchukua muda kupata moto, kwa hiyo ukikanyaga mara kadhaa mfululizo nguvu hazipotei upesi. Lakini uzito huohuo, ukishapata moto katika msongamano, huchelewa kupoa. Ile aina nyepesi ya vijibomba hufanya kinyume. Kila mmoja aangalie anaendeshaje kabla ya kuchagua.

Mzee_wa_Pajero (Morogoro)

Sikufunga, na labda nami nina nafasi hapa. Pajero Mini yangu yenye turbo, injini ya cc 660, ina intakula juu ya injini na pua ya boneti. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya kupeleka mbele, fundi akaniambia tutazame kwanza ile sponji inayounganisha pua na intakula. Ilikuwa imegeuka vumbi. Nusu ya hewa ilikuwa ikimwagika pembeni bila kugusa intakula. Tulikata sponji mpya, tukainyoosha mikunjo ya mapezi kwa kijiti cha meno, tukaosha matope. Mlima ambao gari lilikuwa likichoka sasa linaupanda, na fedha ya mabomba ipo.

Nahodha_Kisauni

Shukrani, mzee wangu. Hilo la sponji lingefaa kuwa la kwanza kukaguliwa. Ndugu Ngong, hiyo mivujo unaitafutaje? Kwa masikio sijawahi kufanikiwa, feni inapiga kelele kuliko mvujo.

Ngong_Bapa4

Injini ikiwa imezimwa, ndugu. Nilitengeneza kifuniko kutoka kwenye kipande cha bomba la plastiki kinacholingana na mdomo wa turbo, nikakitoboa na kukitia valvu ya tairi. Nakifunga kwenye mdomo wa turbo kwa hozi na klampu, naunganisha pampu ya tairi na kupandisha hadi karibu na busti ninayotumia, bila kuzidisha, kwa sababu hewa itatafuta njia kupitia valvu za injini na sili. Kisha nanyunyizia maji ya sabuni kila kiungo. Mivujo mingi niliyoikuta iko chini ya klampu za bisibisi zenye matundu, kwa kuwa hukata silikoni zikikazwa sana. Zile za boliti hubana sawasawa pande zote. Mvujo mmoja ulikuwa kwenye mshono wa intakula yenyewe, upande unaotazama rejeta, mahali ambapo povu lilionekana kwa kioo cha mkononi tu. Usisahau pia kukagua bomba jembamba linalokwenda kwenye akchueta ya turbo, kile kifaa kinachodhibiti busti. Kama umelichomeka mahali papya, basi angalia geji upya kabla ya kukanyaga, maana busti inaweza kupanda juu kuliko ulivyoiacha na kompyuta ikakata mafuta.