Mrejesho: Kaka yake nyanya na nyambizi I-27

Ndugu zangu, niliuliza ni meli gani iliyomchukua kaka yake nyanya, mpiga mizinga aliyeondoka Kilindini Februari 1944 asirudi. Mlinielekeza kwenye Khedive Ismail, na ndiyo yenyewe. Asanteni sana.

Alikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wakielekea Colombo. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga meli yao kwa topido mbili, yaani makombora ya chini ya maji. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297.

Kinachonikosesha usingizi ni kilichofuata. I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zikalazimika kuangusha mabomu ya kuwindia nyambizi katikati ya hao hao waliokuwa wakiomba kuokolewa. Nyambizi ikaibuka, Paladin ikajaribu kuigonga ikajipasua ubavu, hatimaye topido ya Petard ikaimaliza. Nayo ilikuwa na watoto wa watu ndani, karibu wote wakaenda nayo.

Juzi nilimpeleka mama kwenye makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Jina lipo ukutani. Alilipapasa herufi moja moja, akavua leso ya kichwani akafuta vumbi. Nyanya aliondoka duniani akiamini kaka yake alilowea Bara Hindi. Mama ameomba nimwandikie tarehe ile kwenye karatasi, ameiweka ndani ya Biblia yake.