Naomba ushauri: nzi wangu tasa wameanza kutaga

Habari zenu wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya pili na nimekwama, naombeni msaada kwa wanaojua jenetiki.

Nilipandisha nzi wa matunda (Drosophila): madume wa Harwich, aina yenye transposoni P (kipande cha DNA kinachohamahama kwenye jenomu), kwa majike wa w1118, aina ya macho meupe isiyo nayo, kwenye nyuzi joto 25. Mabinti wakatoka tasa kama nilivyotarajia, maana mama hakuwawekea kwenye yai zile piRNA, yaani RNA ndogo zinazoongoza protini za Piwi kuizima P. Nilipowapasua wakiwa na siku tatu, ovari zilikuwa zimesinyaa. Nilipogeuza, mama akawa Harwich, mabinti wanazaa vizuri.

Shida ni hii: wale tasa walipofika wiki ya tatu, baadhi wameanza kutaga na mayai yanaanguliwa! Nimesoma ripoti ya 2011 kwamba mabinti wa aina hii wakikomaa huanza kujitengenezea piRNA dhidi ya P. Ningefurahi mno kama ndicho ninachokiona. Lakini nahofia labda kuna jike ameingia kimakosa kutoka chupa ya pili, ile ya mama Harwich. Kwamba w1118 hawakuwa bikira nimelifuta, kwa sababu wote wana macho mekundu; wangekuwa wa baba mweupe wangetoka weupe.

Sina uwezo wa kusoma mfuatano wa RNA ndogo. Je, nikiwapandisha hawa waliopona na madume wa Harwich kwenye nyuzi 29, na mabinti wao wakazaa, huo ni ushahidi wa kutosha? Na nirudie kwa kumtenga kila jike kwenye kichupa chake tangu siku ya kwanza?